Mwamuzi wa Redioni

Leonard Mambo Mbotela alipofariki dunia Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84, waliomkumbuka walitaja mambo matatu. Kwanza, mtangazaji wa kandanda aliyewaachia Wakenya msemo wa "Kadenge na mpira". Pili, mwenye kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilichodumu hewani kwa zaidi ya nusu karne. Tatu, mtu aliyeamshwa na wanajeshi alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 akapelekwa studioni kuitangazia nchi kwamba serikali imepinduliwa. Haya husimuliwa kama visa vya watu watatu tofauti: la kwanza kwa kicheko, la pili kwa heshima, la tatu kwa mshangao wa mtu aliyeponea chupuchupu. Hoja yangu ni kwamba yote matatu yalikuwa kazi moja. Kenya ya miaka ya 1960 ilihitaji sauti ambayo Mluo, Mluhya, Mkikuyu, Mkamba na Mpwani wangeweza kuisikiliza bila kujiuliza kwanza inawatetea akina nani. Uwanjani sauti hiyo iliamua nani ana mpira. Katika kipindi cha adabu iliamua nani amekosa. Na siku ya mapinduzi watu wenye bunduki waliitaka iamue nani anatawala.

Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo, tukumbuke Kiswahili kilikuwa wapi nchini Kenya wakati Mbotela anaingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, mwaka uleule serikali mpya ilipolichukua shirika la utangazaji na kulipa jina hilo. Uhuru ulikuja kwa Kiingereza. Katiba iliandikwa kwa Kiingereza, mahakama ziliendeshwa kwa Kiingereza, na Tume ya Elimu ya Ominde, iliyotoa ripoti yake miaka hiyohiyo, ilikipendekeza Kiswahili kifundishwe lakini ikakiacha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Bungeni Kiswahili hakikusikika mpaka mwaka 1974, Rais Kenyatta alipoamuru kitumike. Shuleni hakikuwa somo la lazima lenye mtihani hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Yaani kwa miaka ishirini hivi, Mkenya wa bara aliyetaka kusikia Kiswahili kilichonyooka, chenye ngeli zilizokaa mahali pake, hakuwa na mwalimu isipokuwa redio. Na redioni kwenyewe, taarifa ya habari ilisikilizwa kwa wajibu. Mpira ulisikilizwa kwa hamu. Mtu aliyekosa neno katika habari za bei ya pareto hakujali. Aliyekosa neno mshambuliaji akiwa ndani ya eneo la hatari alimuuliza jirani, na kesho yake akalitumia mwenyewe. Mlinda lango, kiungo, kuotea, mkwaju wa adhabu, mshika kibendera: msamiati huu haukuenezwa na kamusi.

Mpira wenyewe nao ulikuwa na shida yake. Timu kubwa za Kenya zilikuwa za makabila, waziwazi na bila haya. Abaluhya ilianzishwa mwaka 1964 ikibeba jina la watu wake. Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968 ikibeba jina la mganga mashuhuri wa masimulizi ya Waluo. Mechi ya timu hizo mbili ilikuwa ya kandanda na pia hesabu ya heshima kati ya jamii mbili jirani, na wanasiasa walikaa jukwaani wakiijua hesabu hiyo vizuri. Mnamo 1980 serikali ya Rais Moi iliagiza vyama na klabu ziache majina ya kikabila, ndipo Abaluhya ikageuka AFC Leopards, lakini mashabiki hawakugeuka. Sasa fikiria anayepaswa kuwasimulia watu wote hao mechi ambayo wengi wao hawaioni. Lugha yake ikiwa Kijaluo au Kiluhya, nusu ya wasikilizaji wamepotea na nusu iliyobaki imeshinda kabla ya filimbi. Kwa Kiingereza angewapata waliosoma tu. Kwa Kiswahili aliwapata wote, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe asionekane kuwa na timu moyoni. Mtangazaji wa Sauti ya Kenya aliishi chini ya sharti hilo kila Jumamosi, na Mbotela alikuwa na sababu za kulitimiza kwa urahisi kuliko wengi, kama nitakavyoeleza.

Kazi ya kutangaza mpira redioni ina ufundi unaostahili kutazamwa kwa karibu, maana watu waliozoea runinga huidhania kuwa kelele. Msikilizaji hana uwanja. Lazima ajengewe, tena ajengewe upya kila dakika kwa ajili ya aliyefika amechelewa. Watangazaji wa zama zile, Kenya na Tanzania, walikuwa na njia rahisi ya ajabu: waliugeuza mkebe wa redio kuwa uwanja. Timu hii inashambulia lango lililo kulia mwa redio yako, ile inatokea kushoto. Mtu aliyeketi kibandani na redio ya betri mezani aliweza kuelekeza kidole pale mpira ulipo. Baada ya hapo ni majina, umbali, dakika na matokeo, yakirudiwa bila kuchosha. Hapa ndipo "Kadenge na mpira" inapoeleweka. Joe Kadenge, mshambuliaji wa Abaluhya na timu ya taifa, alikuwa na tabia ya kukaa na mpira, akipiga chenga mmoja baada ya mwingine, na mtangazaji anayemfuata hana kitendo kipya cha kutaja kwa sababu kitendo ni kilekile kinaendelea. Basi Mbotela akatupa kitenzi. Likabaki jina na mpira, jina na mpira, mara mbili, mara tatu, mapigo yakienda na miguu ya mchezaji. Msikilizaji alipata habari mbili kwa pamoja: mpira uko kwa nani, na wale wengine wote hawaupati. Msemo huo ulitoka uwanjani ukaingia mitaani, na waliouimba utotoni ni pamoja na waliozaliwa Kadenge akiwa tayari amestaafu. Inafaa pia kuona nani alisema nini kuhusu nani. Mpwani alimpaza kijana wa Maragoli, na watoto wa Kisumu, Nyeri na Malindi wakaigiza wakiwa na mpira wa makaratasi, bila mtu kuuliza Kadenge ni wa kabila gani.

Sababu ya Mbotela kuweza hivyo, naamini, inaanzia Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, karibu na pale panapoitwa Kengeleni hadi leo kwa ajili ya kengele ya misheni. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kuwapokea watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Waliotua pale walitoka sehemu nyingi za bara, wengine mbali kama nchi za Ziwa Nyasa. Walipewa imani moja, shule moja, na Kiswahili kikawa lugha yao ya nyumbani. Mwaka 1934 James Juma Mbotela, wa ukoo wa Leonard, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichosomwa shuleni kwa miongo kadhaa, kikieleza jinsi wazee wake walivyonaswa na walivyoachiliwa. Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940 katika urithi huo. Siasa ya Kenya huanza kwa kuuliza mtu anatoka wapi, na ukoo wa Freretown hauna jibu jepesi. Hauna wilaya ya babu wala kambi ya kura, na hakuna timu ya mpira yenye jina la watu wake. Hilo kwa kawaida ni udhaifu, na jamii za wazao wa watumwa pwani zimelilipia kwa kukosa ardhi na kukosa wasemaji. Lakini kwa mtu anayetakiwa kusema na makabila yote bila kushukiwa, ni sifa ambayo haiwezi kununuliwa.

Jambo hilo linakipa kipindi chake uzito ambao wengi hawakuusikia. "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka 1966. Muundo wake haukubadilika sana: Mbotela alieleza mwenendo fulani wa watu wa kila siku, wa ndani ya basi, wa kwa jirani, wa mezani, wa kwenye foleni, akauchora mpaka msikilizaji akamwona mtu wake, kisha akauliza swali la jina la kipindi. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 swali hilo lisingeulizwa kuhusu foleni. Muungwana alikuwa mtu wa nasaba, mwenye nyumba, mwenye kujua babu zake, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Adabu njema ilifuata hadhi, kama vazi linavyomfuata mwenye nalo. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, hadhi hiyo haikufutika vichwani. Waliotoka Freretown waliitwa Wamisheni, na watu wa mitaa ya zamani ya Mombasa hawakuwahesabu miongoni mwa waungwana. Miaka sitini hivi baadaye, mwana wa kijiji hicho ndiye aliyeketi mbele ya kipaza sauti cha taifa akiwapima wote, wa nasaba na wasio na nasaba, kwa kipimo cha walichotenda asubuhi ile. Sidai kwamba Mbotela alikusudia kulipiza chochote. Nasema tu kwamba mabadiliko yaliyoanzia misheni, soko la ajira na mjini yalipata kituo chake cha kila wiki, na aliyekiongoza alikuwa na haki kubwa zaidi ya kihistoria ya kukiongoza kuliko walivyojua wasikilizaji wake wa Eldoret au Embu.

Na hadhira ilikihitaji. Nairobi ya baada ya uhuru ilikuwa mji wa wageni kwa wageni. Mkoloni alikuwa amewawekea Waafrika masharti ya kuingia na kukaa. Masharti yalipoondoka watu wakajaa Eastlands kutoka kila pembe, kila mmoja na adabu ya kwao. Mgeni akifika wakati wa chakula, kwa wengine ni baraka, kwa wengine ni aibu yake. Salamu ya mtu mzima, sauti ya redio usiku, mkono wa kushoto, deni la chumvi: yote yalikuwa na sheria kijijini na hayakuwa na sheria katika nyumba za kupanga zenye ua mmoja na bomba moja. Kipindi cha Mbotela hakikuleta adabu ya Waswahili wa pwani na kuwapa Waluhya. Kilifanya kitu cha busara zaidi, kilipendekeza kwamba swali linaweza kuulizwa hadharani na kujibiwa na yeyote. Ndiyo maana jina lake lina alama ya kuuliza. Mtangazaji wa mpira hufanya vilevile: haibuni sheria ya kuotea, anaeleza kilichotokea mpaka shabiki wa upande uliokosea akubali kwa shingo upande.

Pingamizi kubwa dhidi ya haya yote ni zito na halifai kukwepwa. Kipindi kilihoji vijana wasiompisha mzee kiti wakati nchi ilikuwa na maswali makubwa zaidi ya ungwana. Mwanasiasa Tom Mboya aliuawa mwaka 1969, na mwanasiasa mwenzake J. M. Kariuki mwaka 1975. Ardhi iligawanywa kwa wenye majina, waandishi waliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, na chama kimoja kikawa sheria mwaka 1982. Je, huo ulikuwa ungwana? Redio ya serikali haikuuliza, wala isingeweza. Mkosoaji anaweza kusema kwamba kipindi kiliwafundisha raia kujikagua wao kwa wao ili wasimkague mtawala, na kwamba baadaye Mbotela alifanya kazi katika kitengo cha habari cha rais, jambo linaloonyesha alikuwa upande gani. Nakubali nusu ya kwanza ya shtaka: mipaka ya kipindi ilikuwa mipaka ya mwajiri. Sikubali kwamba swali lenyewe lilikuwa hadaa. Kipimo kikishatoka hewani hakirudi mikononi mwa aliyekitoa. Leo ukitazama jinsi Wakenya wanavyolitumia jina la kipindi hicho, mara nyingi ni kwa mbunge aliyejiongezea mshahara au waziri aliyelala kwenye kikao, na hakuna anayehitaji kuelezwa kejeli iko wapi. Swali lililokatazwa kupanda juu lilipanda lenyewe, kupitia vinywa vya waliolisikia likiulizwa kuhusu foleni.

Agosti 1982 ndiyo inayonipa ushahidi wa nguvu zaidi kwamba kazi ilikuwa moja. Wanajeshi wa anga waliojaribu kuipindua serikali ya Moi walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya, pale Harry Thuku Road, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kituo walikuwa nacho, mitambo walikuwa nayo, na maneno walikuwa nayo. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, na wenzake hawakuwa mabubu. Yeyote kati yao angeweza kusema kwamba jeshi limechukua nchi. Lakini walituma watu hadi nyumbani kwa Mbotela, mtaa wa Ngara, wakamchukua Jumapili alfajiri, wakamweka mbele ya kipaza sauti ili asome yeye. Walijua bila kufundishwa na mtaalamu wa mawasiliano kwamba sauti ya mwanajeshi asiyejulikana ingesikika kama ya mtu wa kabila fulani mwenye bunduki, na mjadala wa nchi ungeanza hapohapo: huyo ni nani, wa wapi? Sauti ya Mbotela haikuulizwa hivyo. Ilikuwa imekwisha kusema maelfu ya mara mpira uko kwa nani, na ikisema sasa serikali iko kwa nani, watu wangeketi kimya wasikilize. Saa chache baadaye askari watiifu wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed walikikomboa kituo, na ni Mbotela huyohuyo aliyetumiwa kuwaambia Wakenya kwamba Moi bado ni rais. Pande mbili zilizokuwa zikipigana risasi zilikubaliana juu ya jambo moja tu: msomaji.

Mwenye kushuku atasema hilo linathibitisha kinyume. Sauti inayoweza kutumiwa na upande wowote siyo mwamuzi, ni filimbi, na filimbi hulia kwa anayeipuliza. Kuna ukweli hapo, na mtu aliye na mtutu nyuma ya kisogo hapaswi kupimwa kama mtu huru. Lakini filimbi yoyote ingetosha kama jambo lingekuwa ni mlio tu. Wanajeshi walipita sauti nyingi zilizokuwa karibu zaidi kuifuata hiyo moja. Imani waliyotaka kuiazima hawakuitengeneza wao, wala serikali haikuitengeneza kwa amri. Ilijengwa kwa miaka 18 ya mechi na visa vya mabasi.

Pingamizi la mwisho ni la ukiritimba: alisikika kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kusikika. Hadi Capital FM ilipoanza mwaka 1996, Mkenya aliyewasha redio ya ndani aliisikia serikali. Ni kweli, na bila ukiritimba huo asingewapata wote kwa pamoja. Hata hivyo ukiritimba unaeleza kwa nini watu walisikia, hauelezi walimkumbuka nani. Idhaa ya Taifa ilikuwa na wasomaji wengi wa habari wenye sauti nzuri ambao majina yao yamekwenda na upepo. Waliobaki ni watu wa mpira kwa kiasi kikubwa: Ali Salim Manga, Mohammed Juma Njuguna na Mbotela. Hapo tofauti na Tanzania inafaa kutajwa. Ahmed Jongo na Charles Hilary wa Radio Tanzania walikuwa mafundi wa kiwango hichohicho, lakini walitangazia nchi ambayo shule, chama na kata vilikuwa vimekwisha kuzungumza Kiswahili. Mechi ya Simba na Yanga iligawa familia moja katikati ya Kariakoo, haikugawa makabila. Mtangazaji wa Dar es Salaam aliweza kujiachia kwa mbwembwe na mafumbo, kwa kuwa msingi ulikuwa umejengwa na wengine. Wa Nairobi alitangaza huku akimimina msingi.

Leo kazi hiyo imegawanyika, na mgawanyiko wake unaonekana vizuri asubuhi katika Radio Jambo, ambako Gidi alitangaza kwa miaka mingi pamoja na Ghost Mulee, kocha aliyeifikisha timu ya taifa, Harambee Stars, Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004. Mpira na maadili vimekutana tena mezani pamoja, kana kwamba Wakenya hawawezi kuvitenganisha. Lakini katika Patanisho, kipindi chao cha kupatanisha waliokosana, mkosaji hupigiwa simu mwenyewe akiwa hewani, mke au mume aliyemkimbia upande wa pili, na nchi nzima ikicheka. Mbotela alikificha kichwa cha mkosaji na kulianika kosa. Sasa mkosaji ndiye anayeanikwa, na kosa ni la watu wawili wanaojuana, halimhusu anayesikiliza ndani ya matatu isipokuwa kama burudani. Naona faida ndani yake: wanawake wengi wamepata hewani nafasi ya kujibu ambayo kipindi cha mtu mmoja hakikuwapa. Ila mtangazaji sasa ni mpatanishi anayeomba, mara nyingi anakatiwa simu, na akikatiwa hana uamuzi wa kutoa.